Nyumba ya Bi Pruitt

Mkutano wa mashirika ulianza kwa kupongezana, kama kawaida yao. Kanisa linalisha, kituo cha watoto kinatunza watoto, shirika la Nyumba Kwanza linawatafutia nyumba wasio nazo. Umoja ni nguvu, walisema, huku wakitafuna donati na kunywa kahawa, na nje theluji inazidi kurundikana. Bernadine Kowalski, msimamizi wa jiko la kanisa, hakutia kitu kinywani. Alikuja kwa jambo moja tu, nyumba aliyokuwa akiingojea Odessa Pruitt, mama asiye na makazi.

Odessa mwenyewe aliketi kando yake, amempakata binti yake Winnie aliyekuwa anakohoa. Wiki iliyopita Bernadine aliwakuta wamelala garini nyuma ya duka la kufulia nguo, vioo vimeganda barafu. Hakungoja kushauriana na mtu. Aliwapeleka moteli, kanisa likalipa siku chache. Mwenye moyo gani angewaacha pale?

"Ile nyumba imekwenda kwa familia nyingine," alisema Trevor Haskins wa Nyumba Kwanza. "Si tulikubaliana wote? Wanaolala nje kwanza. Bi Pruitt sasa ana paa."

"Paa gani, Trevor? Moteli yenyewe mwisho Ijumaa!"

"Ana kitanda. Kuna wasio na hata hicho."

Bernadine alimgeukia. "Yaani ningemwacha mtoto agande, mama yake angepata nyumba. Nimemtoa kwenye baridi, kakosa. Hebu jisikilize unavyoongea!"

"Kanuni hiyo uliipigia kura na wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi kupita yote. Aliinyooshea mkono kanuni ile kwenye meza hii hii, akiona ni haki tupu.

"Basi tuibadilishe sasa hivi," alisema. "Nani yuko pamoja nami?"

Watu wazima, wenye kadi za majina vifuani, wakaanza kukoroga kahawa iliyokwisha korogwa. Mwenyekiti akakohoa. "Tuiweke ajenda ya mwezi ujao."

Mwezi ujao! Bernadine alitamani kuipindua meza ile na donati zake zote.

Odessa ndiye aliyefuata kusema. "Naomba kuuliza. Ikipatikana nyumba nyingine, na mimi nimerudi garini?"

Trevor hakumtazama. "Watu wetu huzunguka alfajiri kuwaandika wanaolala nje. Wakikukuta humo, utakuwa wa kwanza."

"Usithubutu!" Bernadine alimshika Odessa mkono. "Mtoto anaumwa, mama. Moteli nitalipa mwenyewe, kwa pesa zangu."

"Halafu?" Odessa aliutoa mkono wake taratibu. "Dada, wewe una moyo mzuri, Mungu akubariki. Lakini nyinyi mnakaa hapa kila mwezi mnakunywa kahawa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba kile kitanda cha moteli kitaninyima nyumba. Ningejua, ningechagua mwenyewe."

Hasira Bernadine alikuwa nayo bado, tena tele, ila sasa hakujua amrushie nani.

Odessa aliweka ufunguo wa moteli mezani, akamfunga Winnie zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Egesha penye taa," Trevor alisema kwa sauti ya chini, maskini, akidhani anasaidia. "Wakuone vizuri."

"Mama," Winnie aliuliza mlangoni, "tunarudi kwenye kitanda?"

"Hapana, mwanangu. Tunarudi garini, tupate nyumba."