Kiondo Changu Ng'ambo ya Reli

Shiru alikataa kushuka kwenye basi kwa sababu ya viatu. Vilikuwa vyeupe, vya kisigino kirefu, alivinunua Nakuru kwa ajili ya ruracio, sherehe ya mahari, ya kakake Jeff, na njia ya kwenda kwa kina Mugure, bibi arusi mtarajiwa, huko Njoro, ilikuwa tope tupu. Mimi ni shangazi yao, Tata wanavyoniita, na siku hiyo nilikuwa nimekabidhiwa kina mama wote kutoka Subukia. Kwetu ukienda kuposa, wanawake hawapelekwi na gari hadi langoni. Wanashuka mbali, wanajifunga leso za sare, wanabeba viondo vya zawadi mgongoni na kuimba mpaka wenyeji waridhike wafungue lango. Atakayefika mikono mitupu atachekwa hadi na wajukuu.

Nilimbembeleza mara moja tu. Subira sikujaliwa.

"Basi kaa na viatu vyako," nikamwambia, nikashuka nimefura.

Tulivuka reli kwa miguu tukiimba. Pale hakuna kizuizi, ni kibao tu kilichopauka. Kiplangat, dereva wetu, alikuwa ametuchekesha safari nzima, na sasa alikuja nyuma polepole akipiga honi kwa mdundo wa wimbo wetu, jinsi madereva wa sherehe wanavyofanya. Nasi tukazidi kupaza sauti. Kwa kelele zake na zetu, hakuna aliyesikia treni mpaka ilipokuwa imefika. Nilipogeuka, basi lilikuwa katikati ya reli.

Mlio ule sitauelezea. Treni ya mizigo ililizoa basi na kulitupa mtaroni upande wa pili, kisha ikasimama, mabehewa yametanda kushoto na kulia, yametufungia njia. Niliita Shiru mpaka koo likakauka. Wenzangu walinishika nisipande juu ya mabehewa. Kichwani mlikuwa na jambo moja tu, kwamba neno la mwisho nililompa mtoto wa ndugu yangu lilikuwa la viatu.

Nikapiga magoti topeni, nikachungulia chini ya behewa.

Nikaona kiondo changu. Kina mkanda wa ngozi nilioushona mwenyewe kwa uzi wa buluu, siwezi kukikosea. Kando yake palikuwa na miguu miwili mitupu, imejaa tope hadi vifundoni.

"Shiru?"

"Tata, uliacha kiondo kwa kiti," akasema. "Nikaona watakucheka."

Kumbe nilikuwa nimeongoza wimbo mgongo mtupu, na kati ya wanawake wote wale hakuna aliyethubutu kuniambia. Yeye alikuwa amevua viatu vyake, akashuka kunifuata, na basi likampita pale njiani. Nililia na kucheka kwa pamoja, nikamkemea asisogelee reli, nikamshukuru Mungu, nikamkemea tena.

Kiplangat alifariki papo hapo, peke yake ndani ya basi. Treni iliporudishwa nyuma tulimfunika kwa leso zetu. Nilimlilia, na wimbo ule sijauimba tena. Lakini nitakuwa mwongo nikisema huzuni ndiyo iliyonijaa alasiri hiyo. Nilikuwa na furaha, furaha ya kuonea haya, na sikuuachia mkono wa Shiru hata alipolalamika kwamba namuumiza.

Kwa kina Mugure tulikuta lango wazi. Hakuna aliyetudai wimbo. Mama mwenye nyumba alitukimbilia akilia, kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, akanyoosha mikono anipokee kiondo. Kilikuwa mgongoni kwangu, Shiru ndiye aliyenibebesha.

Nikamwambia kiondo kingoje. Kwanza alete maji ya moto, huyu msichana aoshwe miguu.