Banda la Kalangasi

Ukienda kwa Mzee Sadallah kule Tabata, usitegemee kukaribishwa sebuleni. Sebule haipo tena. Kuna meza moja kubwa iliyoungwa kwa milango mibovu, imejaa reli kutoka ukuta hadi ukuta, na wewe mgeni unajibanza pembeni, kikombe mkononi, na ole wako umwagie chai mataruma. Mataruma, vile vibao vinavyolala chini ya reli, aliyakata kwa vijiti vya aiskrimu. Reli zenyewe ni waya za miamvuli. Mkewe, Munira, aliwaambia majirani kwamba mumewe amepata wazimu, ila ni wazimu wa kukaa nyumbani, na kwa umri wao huu yeye anaupenda kuliko ule wa zamani.

Sadallah alishona viti vya magari maisha yake yote pale Gerezani, mpaka macho yalipogoma. Alipotundika sindano akatangaza kwamba sasa anajenga banda la vichwa vya treni la Kalangasi. Kalangasi ni kistesheni huko Unyamwezi ambacho hata wasafiri wa reli hawakikumbuki. Baba yake, Mwinjuma, Mzaramo wa Kisarawe, alipelekwa huko kufanya kazi bandani, na Sadallah akazaliwa kwenye kota za reli. Baba akafariki mtoto hajaanza hata shule. Mama akambeba wakarudi Temeke, na mama huyo alikuwa mtu wa kufunga mdomo. Katika umri wake wote alimwambia mwanawe mambo mawili tu: baba yako alikuwa mtu mzuri, na kidole chake cha shahada kilikatwa na mashine. Ukimwuliza zaidi anaingia jikoni. Akafa na mengine yote.

Kwa hiyo Sadallah alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na hana baba. Simaanishi yatima, yatima ni wengi. Namaanisha hakuwa hata na baba wa kumkumbuka. Alichokumbuka cha utotoni ni harufu ya mafuta, na kitu kikubwa cheusi kinachopumua, basi. Alipokuwa akiwaona wenzake wakilia kwenye makaburi ya baba zao, aliwaonea wivu. Yeye hakuwahi kutoa chozi, maana hakujua amlilie nani.

Halafu akatokea Fransis.

Fransis ni Mnyamwezi, mgane, amepanga chumba nyuma ya msikiti. Walijuana kwa kinyozi. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo bila hilo huyu Sadallah ataonekana mjinga, na si mjinga hata kidogo. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako atakuita mvivu asiyejua ila kucheza ngoma, mbele ya wakwe zako. Atakamata kuku wako aende akamle. Baba yako akifa, atalala ndani ya kaburi agome kutoka mpaka apewe chochote, na waombolezaji watacheka huku wanalia. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Siku hiyo Sadallah alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akieleza habari za banda lake. Fransis akadakia kutoka kwenye benchi.

"Kalangasi? Baba yako nani kwani?"

"Mwinjuma."

"Mwinjuma! Mzaramo yule! Namjua bwana. Mzee wangu Polikarpo si ndo alikuwa dereva wake! Baba yako alikuwa anamchochelea moto, Mzaramo wa watu beleshi mkononi, makaa ya mawe hayo, jasho linamtoka, anaulizia lini anarudi kwao kwenye nazi." Benchi zima likacheka. Fransis akanogewa. "Hata siku anakufa kamwangukia mzee wangu mikononi, humohumo bandani. Eti anauliza, Sadallah wangu yuko wapi?"

Kinyozi akazima mashine. Sadallah alikuwa analia. Si kulengwalengwa na machozi, alikuwa analia kwa sauti, mabega yanaruka, nywele zimemganda usoni. Watu waliokuwa wakicheka wakatazama chini. Fransis naye akasimama, akamshika bega.

Tangu siku hiyo Fransis akawa mtu wa nyumbani. Alikuja asubuhi, akala mchana, akala na jioni, na Munira hakunung'unika, kwa sababu mumewe alikuwa anang'aa. Fransis aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, Sadallah akikata mabati ya makopo ya maziwa, na banda likainuka kwa maneno ya Fransis. Hapa palikuwa na lundo la makaa. Hapa tenki la maji. Na mbele milango miwili mikubwa ya chuma, ambayo baba yako ndiye alikuwa akiifungua kila alfajiri kwa bega, inalia mpaka kota zote zinaamka. Sadallah alipokuwa akichomelea bawaba za milango ile, aliacha kazi ghafla akasema, "Naikumbuka. Wallahi naikumbuka ile sauti." Akamtengeneza na baba yake kwa mti wa mwembe, kimtu kirefu kama kidole gumba, beleshi mkononi, akamsimamisha mlangoni. Kila asubuhi alikuwa anamsalimia.

Kazi ilipokwisha, Sadallah aliamua kumsomea baba yake hitma. Alialika ukoo mzima na watu wa msikitini, na alitaka siku hiyo, watu wakishamaliza kula, awasimulie banda lile na maneno ya mwisho ya marehemu. Wajukuu walikuwa wameshayajua kwa moyo. Binti yake, Raudha, akarusha picha za banda mtandaoni, na haikupita muda akajibiwa na kaka mmoja wa Madale: mama yangu amezaliwa hapo Kalangasi, babu alikuwa stesheni masta, anaomba aje aone.

Sadallah alifurahi kupita kiasi. Alimkimbilia Fransis kwenda kumwambia.

"Anaitwa Bi Yuliana. Mtakuwa mnajuana tu!"

Fransis alikuna kidevu. "Lini hiyo?"

"Siku hiyohiyo ya hitma, asubuhi."

"Aa, mie asubuhi hiyo nina msiba Mbagala. Nitawahi jioni, pilau msinimalizie."

Bi Yuliana aliletwa na mwanawe siku hiyo, mama mnene mwenye fimbo na kitenge cha WAWATA, wale akina mama wa Kikatoliki. Sadallah akampa shikamoo mlangoni, akamshika mkono akamwingiza mwenyewe. Hakumweleza kitu. Alitaka aone uso wake utakavyobadilika.

Mama akatazama meza. Akaizunguka taratibu, akainama, akanyoosha mgongo. Uso haukubadilika.

"Pazuri sana," akasema. "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Sadallah akacheka. "Mama nawe! Si bandani Kalangasi!"

"Kalangasi ya wapi?"

Mwanawe akaingilia kwa aibu, "Mama, kwenu." Bi Yuliana akatikisa kichwa, akaanza kusema polepole, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha watu. Banda la kwao halikuwa na mlango. Lilikuwa paa la bati juu ya nguzo, upepo unaingia huku unatokea kule. Na makaa ya mawe hayakuwapo. Vichwa vilikuwa vinatumia mafuta mazito, "sie watoto tulikuwa tunachapwaga kwa kuyakanyaga, maana hayatoki miguuni." Dereva Polikarpo hakumjua. Madereva aliwajua wote, walikuwa wanakuja kunywa chai kwa baba yake.

Sadallah akajiambia, mama huyu ni mzee, kasahau. Watu husahau. Akashika ukingo wa meza.

"Na Mwinjuma? Mwinjuma, Mzaramo, aliyekuwa mchochea moto?"

Hapo ndipo uso wa Bi Yuliana ulipobadilika, ukafunguka wote. "Mwinjuma wa Kidole! Mungu wangu, wewe ndo katoto ka Mwinjuma wa Kidole? Hakuwa mchochea moto huyo, alikuwa fundi wa boila. Akituonyesha kitu alikuwa ananyoosha hiki cha kati, maana hiki cha shahada hana, sie tunacheka!"

Kidole kile Sadallah hakuwahi kumtajia Fransis. Hakuwahi kumtajia mtu. Ndicho kitu pekee cha baba yake alichoachiwa na mama, akawa anakiweka mwenyewe. Na katika miezi yote ile ya kula na kunywa na kusimulia, Fransis hakukitaja hata mara moja. Sasa Sadallah akamtazama baba yake wa mti wa mwembe. Vidole vyote vilikuwapo; alimchonga kwa maneno ya Fransis, akakisahau kile chake mwenyewe.

"Alipokufa," Sadallah akauliza, "alisema nini, mama?"

"Sijui, mwanangu. Sie tulikuwa tumeshahamishwa. Tulisikia tu."

Mama akaondoka akimbariki. Sadallah alibaki sebuleni. Kilichomuuma zaidi hakikuwa makaa wala Polikarpo. Ilikuwa ile milango. Alifumba macho akaisikia inalia, waziwazi, chuma juu ya chuma, kumbukumbu yake mwenyewe ya utotoni aliyoiapia kwa jina la Mungu, na milango haikuwahi kuwapo. Basi ile harufu ya mafuta je? Kile kitu cheusi kinachopumua? Alianza kuvigusagusa kimoja kimoja kichwani, na hakukuwa na hata kimoja alichoweza kukiapia tena.

Alasiri Fransis akaja kupitia uani, ambako masufuria yalikuwa motoni, na kelele zake zikamtangulia. "Wazaramo nyie, leo mnapika au mnacheza mdundiko? Mtani nimekuja kuchukua changu!" Alikuwa ameshafunua sufuria na ameshapachika nyama mdomoni Sadallah alipomtokea.

"Banda halikuwa na mlango," Sadallah akasema.

Fransis akatafuna mara moja, akaacha. Akatazama kama kuna mtu wa tatu. Munira akainua upawa, akajua hapa hapamfai, akaingia ndani.

"Kaja yule mama?"

"Wewe umefika Kalangasi lini, Fransis?"

"Bwana, mie..." Akajaribu kucheka. "Sijawahi kufika. Mie nimezaliwa Nzega, mzee wangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Lakini mie mtani wako, Sadallah. Mtani hakasirikiwi, unajua."

"Maneno ya baba yangu bandani. Uliyasikia kwa nani?"

"Nilikutania." Sasa hakucheka. "Siku ile kwa kinyozi nilikutania tu, kama tunavyotaniana siku zote. Nilitegemea utanirudishia, utanitukana, tucheke, yaishe. Wewe ukalia. Mtu mzima unalia vile mbele ya watu, mie ningesemaje? Ningesema samahani, natania, baba yako simjui? Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake ukanikaribisha chakula, ukaniuliza banda lilikaaje. Unauliza, macho yako yote kwangu. Nyumbani kwangu hakuna anayeniuliza kitu, Sadallah. Nikajibu."

"Ukajibu miezi yote hiyo."

"Ulikuwa na furaha! Mkeo mwenyewe anasema. Nimekuharibia nini? Hukuwa na kitu, nikakupa kitu."

Sadallah akapandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana kweli mtani hakasirikiwi. Fransis alikuwa ameingia kwa mlango ambao desturi haimruhusu mwenye nyumba kuufunga. Angemtukana, ingekuwa utani. Angempiga, watu wangemshangaa yeye. Akavuta pumzi.

"Tangu leo mie na wewe hatuna utani," akasema.

Fransis akarudi nyuma hatua, kama kapigwa kofi. Watu hugombana, hudaiana, hupelekana polisi. Kuvunja utani nani kasikia? "Usiseme hivyo, Mzaramo. Hata babu zetu hawakufanya hivyo."

"Usiniite Mzaramo. Niite kwa jina langu, kama mtu asiyenijua." Machozi yalikuja mpaka kwenye kingo za macho, akayazuia kwa nguvu, hakutaka huyu mtu ayapate na haya. "Unasema hukuniharibia. Katika maisha yangu nimemlilia baba yangu siku moja tu, Fransis. Siku moja. Na siku hiyo nilikuwa nalilia maneno yako."

Fransis akafunika sufuria, taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali, akatokea njia ileile ya uani. Hakuna aliyemfungashia chochote.

Watu wakaja, wakajaa barazani na uani, maana sebuleni hapakuwa na nafasi. Walisoma, juzuu zikagawanywa zikaisha, ubani ukazunguka. Wajukuu walikaa mbele, tayari wanasubiri babu asimulie. Shehe akamgeukia Sadallah, akamwuliza kwa sauti ya chini jina la marehemu, naye akalitaja: Mwinjuma bin Kondo. Jina hilo alikuwa na uhakika nalo.

"Kabla ya dua," shehe akasema, "tumeambiwa mtoto ana maneno ya mzee wake."

Munira alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, anamtazama.

"Sina," Sadallah akasema. "Tuombeni dua tu."

Wakainua mikono. Sadallah akafumba macho amtafute baba yake, akatafuta huku na huku muda wote watu wakiitikia amina, hakumpata. Akamwombea hivyohivyo, mtu asiyemjua.