Mto Uliohamia Kwenye Lori la Mzee Ndunda

Fundi Musau hakufungua injini bila kuomba. Ya petroli aliiombea sentensi moja. Ya dizeli, kwa kuwa ni nzito, aliiongezea mbili. Jumanne hiyo, saa mbili na robo asubuhi, alivua kofia, akaiweka juu ya betri ya lori la mchanga la Mzee Ndunda, akamwomba Mungu amwonyeshe maji yalipopitia. Kisha akavaa kofia, akachomoa kijiti cha kupimia oili.

Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya harusi.

"Imekunywa," alisema.

"Si nilikuambia?" alijibu Nzuki, dereva. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, amevaa shati la Jumapili, kama mtu anayengoja kuitwa kortini. Lori lilikuwa limevutwa kwa mnyororo kutoka mtoni, upande wa Kola. Mzee Ndunda alikuwa ameshaleta fomu ya bima, yenye mahali pa fundi kuandika chanzo cha hasara, na alikuwa amesema wazi: kama dereva ndiye aliyeliingiza lori majini, dereva aende nyumbani. Nzuki alikuwa ameliendesha lori hilo miaka kumi na moja. Kazi nyingine hakuijua.

Musau alikwenda hatua kwa hatua. Lori lililovuka mto huacha ushahidi: matope kwenye breki, majani kwenye redieta, maji kwenye ea klina, mahali injini inapovutia pumzi. Akafungua ea klina. Ndani mlikuwa na vumbi kavu na buibui mmoja aliyekasirishwa na mwanga. Akapapasa breki, kavu. Akaingiza mkono kwenye bomba la moshi, ukatoka mweusi lakini mkavu.

"Nzuki, hebu sema tena."

"Nimesema mara tatu, fundi. Mto ulikuwa umekauka. Tumepakia mchanga mpaka beleshi ikaanza kulia kwa mwamba. Hakuna mchanga ilibaki hata ya kujaza kiatu. Nikapanda, nikawasha. Ikasema 'tuk', ikanyamaza."

"Na mvua?"

"Mvua ya wapi? Wewe umeiona?"

Musau hakuwa ameiona. Wiki iliyotangulia kanisa lao lilifunga siku tatu kuombea maji, na Mzee Ndunda, akiwa mzee wa kanisa, ndiye aliyeongoza sala ya mwisho. "Bwana," aliomba, "tupe maji kwa njia yoyote ile utakayoona inafaa." Watu wote waliitikia amina. Katika siku hizo tatu lori lake lilileta mchanga safari tisa.

Musau akatoa nozo zote sita, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, ili maji yapate pa kutokea, akamwambia Nzuki apige stata. Maji yakaruka kutoka matundu sita, yakagonga mabati ya paa. Hilo ni jambo la kawaida. Maji yakikaa juu ya pistoni hayakubali kubanwa, na ndiyo maana injini hukwama. Kwa kawaida hutoka kikombe kimoja, labda viwili. Haya yalijaza debe, yakajaza pipa, na hata Nzuki alipoachia ufunguo yaliendelea kutoka taratibu, kwanza ya kahawia, kisha maangavu.

Kufikia saa tano Mama Kasyoki, anayeuza mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara, alikuwa amefika na mitungi miwili.

"Fundi, hiyo maji ni ya kunywa ama ni ya kufua?"

Musau akaonja tundu baada ya tundu. "Silinda ya kwanza na ya pili iko na dizeli kidogo. Hizo fulia. Kuanzia ya tatu ni ya kunywa."

Wanawake wakapanga mitungi kuanzia silinda ya tatu. Mahmud wa duka la spea akaja na birika, akachukua maji ya kutawadha, akawaambia wenzake kwamba ya tano ndiyo baridi zaidi.

Mafundi wa zamani husikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Musau alitaka kujua kama konrodi, ile mikono inayosukuma pistoni, ilikuwa imepinda. Akaweka bisibisi kwenye silinda ya nne. Mto ulikuwa ndani. Ulizungumza Kikamba cha zamani, kile cha nyanya yake, na haukuwa na hasira. Ulieleza kwamba miaka yote ulikuwa ukilala chini ya mchanga, kama mtu chini ya blanketi, na blanketi lilipochukuliwa uliinuka ukalifuata. Ukauliza kama kuna nafasi zaidi upande wa chini, kwenye oili.

"Konrodi ziko aje?" aliuliza Nzuki.

"Mbili zimepinda. Na mto umehamia."

Nzuki alilifikiria jambo hilo. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe."

Nzuki akafungua kifungo cha juu cha shati, akaenda kumsaidia Mama Kasyoki kubeba mtungi.

Kwenye fomu Musau aliandika kwa herufi kubwa: LORI HALIKUINGIA MAJINI. MAJI YALIINGIA LORINI. SABABU NI MCHANGA KUISHA. DEREVA HANA KOSA.

Mzee Ndunda alifika alasiri. Alipita kando ya foleni akisalimia watu kwa majina, akasoma fomu mara mbili. Musau akampa bisibisi. Mzee akavua kofia, akasikiliza akiitikia, "Ii… ii…" kama mtu anayepokea simu ya mkubwa wake.

"Umeandika ukweli," alisema akirudisha bisibisi. "Lakini hii fomu haina mahali pa mto kuhama. Iko na mafuriko, na iko na uzembe wa dereva. Mafuriko hakukuwa."

"Na uzembe pia hakukuwa, Mzee."

"Musau, ndugu yangu, fomu haiwezi kukaa wazi."

"Mimi siwezi kuandika hivyo. Niliomba kabla ya kufungua."

"Na mimi nitaomba kabla ya kutafuta fundi mwingine," alisema Mzee Ndunda bila ubaya wowote.

Fundi mwingine alipatikana siku iliyofuata. Alikuwa na kazi nyingi, akatia sahihi penye uzembe wa dereva bila kuliona lori. Ijumaa Nzuki alipewa barua.

Jumapili Mzee Ndunda alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alieleza kwamba mto ulikuwa umekauka, mvua haikunyesha, ea klina ilikuwa kavu na buibui wake ndani, lakini Mungu alisikia sala, akaligeuza lori kuwa kisima. Hakuongeza neno wala kupunguza. Watu wakaimba. Nzuki, kwenye benchi la tatu, alisema amina, maana kila kitu kilikuwa kweli.

"Sasa mbona alifutwa?" Mama Kasyoki alimnong'oneza Musau.

"Ile ilikuwa ya fomu. Hii ni ya kanisa."

Jumatatu lori jipya la Mzee Ndunda lilipita mbele ya gereji likiwa na dereva mpya, likielekea kuchota mchanga wa mto wa upande wa Kalama. Nzuki alikuwa kwenye foleni na mitungi yake miwili. Wanawake walitaka kumpisha, kwa kuwa injini ile aliizoea, akakataa. Zamu yake ilipofika alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa shati, akakirudisha. Kisha akaweka mtungi chini ya silinda ya tatu.

Musau aliweka bisibisi sikioni, kama alivyofanya sasa kila asubuhi. Mto ukamjulia hali. Ukauliza lori lililopita lina silinda ngapi.

"Sita," alisema Musau.

Mto ukasema dada yake, ule mto wa Kalama, ana mwili mkubwa, hapo atabanana.