Kanzu Zisizo na Pindo

Jirani yetu muuza mkaa anadai kwamba dunia ilishindwa kuisha kwa sababu yangu. Mwaka wa nne sasa anamsimulia kila anayesubiri kupimiwa kopo: Alhamisi ile, saa sita mchana, malaika walishafika juu ya paa la kanisa, wakaona kanzu zinachuruzika nyuzi, wakageuza. Aliwaona? Hapana. Lakini kama hawakugeuzwa, anauliza huku akikung'uta mikono, mbona hawakushuka?

Kanzu nilizishona mimi, arobaini na tatu, kwa cherehani ya kukanyaga. Mtumishi wa kanisa letu, aliyetabiri kwamba dunia itaisha Alhamisi hiyo, alikuja mwenyewe kibandani na majora ya kitambaa cheupe.

"Pindo usihangaike nalo, fundi. Zitavaliwa mara moja tu."

"Na zikifuliwa?"

Akacheka. Mama yangu, aliyekuwa ananisaidia kutia vifungo, akacheka kwa kumfuata. Wiki hiyohiyo akaacha vidonge vyake vya presha. Mtu anayeondoka Alhamisi, alisema, hamezi dawa ya Ijumaa.

Alhamisi tukakaa kanisani na kanzu zetu; saa sita ikafika, ikapita. Saa nane mtoto wa mtu akalia kiu. Saa kumi watu walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu, na mimi natazama mshipa uliosimama kwenye paji la uso wa mama. Ndipo Mtumishi akainuka, mkavu kabisa, akatangaza kwamba siku imetimia, ila kiroho.

Mchomelea vyuma, mtu mpole, akauliza mbona yeye hajaona kitu.

"Hujaona kwa sababu una shaka. Asiye na shaka ameona."

Mchomeleaji akakaa. Baada ya muda kidogo naye akasema ameona.

Jumapili hadithi ikawa nyingine: siku imeahirishwa, maombi yetu yameleta huruma. Imetimia au imeahirishwa? Hakuna aliyeuliza. Jumapili iliyofuata Mtumishi akashika ukingo wa chini wa kanzu ya mzee mmoja, akavuta uzi mpaka ukafika urefu wa mkono. "Nani alishona hii?" Vichwa vyote vikanigeukia. Na cha mama.

"Si wewe uliniambia niache pindo?" nikamwambia.

"Nilikuwa nakujaribu, binti."

Mimi nimeishia darasa la saba. Lakini kwenye kazi yangu, nguo ikimbana mteja, fundi ndiye aliyekosea vipimo. Sijawahi kumwambia mteja kwamba mwili wake ndio umekosea. Mtu yule alipima dunia, nguo haikuingia, akaanza kuisema dunia. Halafu mchomeleaji. Halafu mimi. Hata leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili, si kwa woga.

Jumapili hiyohiyo Mtumishi akataja tarehe mpya, mwisho wa mwezi, kwa sharti moja: fundi apige magoti mbele ya watu, akiri kwamba alishona kwa shaka. Mama hakuifikia tarehe hiyo.

Jioni ile ya sharti alikaa ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kumsahau; alikuwa anaubeba kwa ule wa kulia kama wa mtu mwingine.

"Kakiri tu, mwanangu. Maneno mawili, yameisha."

"Nikikiri, mama, utameza dawa?"

"Ya nini tena? Si tutakuwa tunaondoka."

"Na nisipokiri?"

"Nitamezaje dawa kwa mkono wa anayetuzuia?"

Nikageuza maneno yake huku na huku kama kitambaa kisicho na nje wala ndani. Kila nilipokatia, kidonge kilibaki nje.

Nikakitoa kwenye karatasi yake. Nikamimina maji, nikapiga magoti, ila mbele yake yeye.

"Meza hiki kimoja, mama. Usimezee imani, wala shaka. Nimezee mimi."

Akanitazama usoni, akatazama kiganja changu, akatazama dirisha. Nilibaki nimenyoosha mkono. Jasho likajaa kiganjani, na kidonge kikaanza kulainika pembeni, kikiacha alama nyeupe.