Glasi Saba za Mlango wa Nyuma

Siku ya Jumanne, saa kumi jioni, Waisiko alikuwa amesimama mbele ya meza ya bati katika jiko la kambi ya watalii, akichovya biskuti kuukuu kwenye pombe ya kahawa. Alizichovya moja moja kwa ncha za vidole, akihesabu moja, mbili, kisha anatoa. Ukifika tatu biskuti inakuwa uji. Zilikuwa zile biskuti nyepesi za sponji, ndefu kama kidole, zenye sukari mgongoni, na zilikuwa zimebaki tangu msimu wa wageni wengi, zikakaukia kwenye pakiti zilizofunguliwa. Hilo halikumsumbua. Biskuti iliyokauka hunywa vizuri kuliko mpya, na kwa miaka ishirini na miwili hakutokea mpishi hata mmoja wa mjini aliyeweza kumbishia.

Alipanga glasi kumi na tisa. Biskuti chini, krimu juu yake, biskuti tena, krimu tena, kisha kakao ya kuchekecha kwa chujio la chai. Kumi na mbili zilikuwa za wageni. Saba zilikuwa za mlango wa nyuma.

Magoti yalimuuma tangu asubuhi. Ijumaa ingekuwa siku yake ya mwisho kazini, na kusema kweli angeweza kulala mwaka mzima bila kuamshwa, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halijakamilika, nalo halikuwa la kupika.

Kazi ya kupika masalia yenyewe ilikuwa na wiki tatu tu. Mvua zilikata barabara ya Mugumu, wageni wakapungua, na meneja, dada mmoja aitwaye Lilian, akabandika tangazo: hakuna kutupa kitu. Biskuti zilizobaki, na zile pombe tamu ambazo wageni huziacha robo chupa kwenye mahema yao, vitumike kutengeneza vitindamlo. Chini yake tangazo la zamani liliendelea kuning'inia: hakuna mfanyakazi kutoka na kitu chochote cha kambi. Ogweno, mpishi mkuu, alikuwa Msabato wa upande wa Sirari, na mikono yake haigusi pombe hata iwe ya kupaka keki. Akamsukumia Waisiko chupa zote.

Waisiko alizaliwa katika nyumba ambayo pombe hainywewi kabla ardhi haijaonja. Mama yake alipopika busaa alimwaga kidogo mlangoni na kuwataja marehemu aliowataka, kila mmoja kwa jina lake, ndipo watu wakanywa. Kwa hiyo siku ya kwanza alipofungua ile pombe ya kahawa, mkono wake ulimwaga tone sakafuni kabla kichwa hakijasema lolote. Alikuwa amechoka, maziwa yalikuwa yanataka kufurika, na hakutaja jina la mtu. Alisema tu, "Wenye mahali, karibuni," akapangusa sakafu kwa tambara na kuwahi sufuria.

Saa kumi na mbili na nusu jioni hiyo wenye mahali wakaja.

Walitokea mlango wa nyuma, kwa kuwa ndio uliokuwa wazi, wakafuta miguu kwenye gunia. Walikuwa watu saba, wenye udongo kidogo mabegani. Aliyetangulia alikuwa mama yake Waisiko. Alifariki Waisiko akiwa na miaka tisa, akazikwa karibu na ghala la mtama, mahali hapo hapo, miaka miwili kabla watu hawajapakiwa kwenye malori na kushushwa Mbalibali wakaambiwa kwamba sasa kwao ni huko.

"Shikamoo mama," alisema Waisiko.

"Marahaba. Umezeeka."

Ilikuwa kweli. Waisiko alikuwa na miaka hamsini na minane, na mama yake alikuwa bado na thelathini na minne yake. Ogweno, aliyekuwa anakata vitunguu, alipata shida kidogo kujua amwamkie nani na nani amwamkie yeye. Mwishowe akawaamkia wote kwa jumla, kisha akauliza swali la mpishi.

"Wako wangapi?"

"Saba."

"Sasa hizo ni glasi saba hatukuwa tumepanga, bana," alisema Ogweno, akaenda kuzitoa.

Walikaa nje ya mlango juu ya kreti za soda, wakala kwa vijiko vidogo bila haraka. Mzee mmoja alionja ya kahawa, akairudisha, akaomba ile ya machungwa. Mama yake Waisiko alikwangua glasi mpaka chini.

"Sukari mmezidisha," alisema. "Lakini hii ya katikati iliyolowa, hii ni nzuri."

Wakaja kesho yake, na kesho kutwa, saa ileile. Siku ya tatu Ogweno, ambaye utani ulimtoka hata akiwa na njaa, alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akawasogezea karai la viazi. Wakamenya. Walimenya vizuri sana, maganda membamba. Mama yake Waisiko alipomaliza alifuta kisu kwenye kanga yake akasema, "Tumekusaidia tu, mura, kijana wangu. Sisi si wageni." Ogweno akacheka, na Waisiko naye akacheka.

Wageni wenyewe, wale waliolipia mahema, hawakuwa na neno. Mama mmoja mzungu aliomba kupiga picha. Picha ikatoa kreti saba na glasi saba, akasema imetoka vizuri, mwanga wa jioni ni mzuri.

Jioni ya nne, wenzake walipokwisha kuondoka, mama alibaki nyuma. Waisiko alikuwa anasugua sufuria.

"Nimechoka, mwanangu," alisema mama. "Ile meza ya saladi wameiweka kifuani kwangu. Kila asubuhi viti vinaburutwa. Wajukuu wako wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Nataka kwenda kuwaona. Unizike kwenye mji wako, karibu na zizi, nisikie ng'ombe."

Waisiko aliacha kusugua. Alijua siku zote kwamba kaburi liko upande ule wa kambi. Miti aliyoikumbuka ilikuwa imekatwa, kichuguu kimesawazishwa, akajiambia kwamba huenda ni nyuma ya tangi la maji, huenda ni kule kwenye maegesho. Kumbe kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anapanga nyanya na matango juu ya kifua cha mama yake. Aliona aibu, na aibu ile ilimchosha kuliko magoti. Akasema ndiyo, nitakupeleka, nikistaafu tutatoka wote.

Ndilo jambo lililokuwa halijakamilika.

Lilian hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msichana wa watu aliyelala kidogo na kupigiwa simu nyingi. Alimsikiliza Waisiko mpaka mwisho, akatoa fomu ya ruhusa ya kutoka langoni.

"Huyu mama aliingia lini?"

"Hakuingia. Alikuwepo."

Lilian aliitazama fomu. "Hapa wanataka tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Bila ya kwanza siwezi kujaza ya pili, mama yangu. Ngoja niwaulize wakubwa."

Wakubwa walijibu baada ya siku tisa. Walitaka kujua kama kuna mgeni aliyelalamika. Lilian akawajibu kwamba hakuna, nao wakashukuru, barua ikaishia hapo.

Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya Waisiko kuondoka, Lilian alimwita ofisini na kufunga mlango. Alikuwa amejaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe ya kuingia: siku kambi ilipofunguliwa. Aliyemkaribisha: kambi. Tarehe ya kutoka: kesho. Chini palikuwa na mstari wa sahihi ya ndugu wa karibu, kuthibitisha kwamba maelezo ni ya kweli.

"Hii ndiyo njia pekee nimeiona," alisema Lilian.

Waisiko alisoma mara mbili. Mama yake alikuwa chini ya ardhi ile kabla Lilian hajazaliwa, na kambi ilimkuta amelala. Halafu alifikiria meza ya saladi, akatia sahihi.

Ijumaa walimuaga kwa kitenge na saa ya ukutani. Ogweno aliomba sala ndefu. Waisiko alimwonyesha Esta, binti aliyekuja kushika nafasi yake, jinsi ya kuchovya: moja, mbili, toa. Alimwonyesha glasi kumi na mbili za wageni na saba za nyuma. Kuhusu kumwaga hakusema kitu. Nyumbani Mbalibali wanawe walikuwa wameshachimba shimo karibu na zizi, na wakwe zake walikuwa wamefagia mji tangu alfajiri. Alikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyechoka, ile inayokaa kimya.

Saa kumi na mbili na nusu wote saba walikuja, wakala. Kisha mama alinawa uso kwenye bomba la nje, akajifunga kanga vizuri, akatembea na binti yake mpaka langoni. Pikipiki ilikuwa inasubiri ng'ambo.

Nashoni, askari wa lango, alimwamkia Waisiko, akamwamkia mama yake, kisha akapekua mfuko kama alivyoupekua kila siku kwa miaka yote. Kitenge. Saa ya ukutani. Ndala. Akasoma fomu kwa sauti, "Mtu mmoja, anatoka, hatarudi," akainua kizuizi.

Waisiko alipita. Alipogeuka, mama yake alikuwa bado amesimama upande wa ndani.

"Twende, mama. Pikipiki inasubiri."

"Nenda, mwanangu. Mimi naishia hapa."

"Ruhusa tunayo."

"Ya nani?" Mama hakuuliza kwa ukali. "Uliniita mwenye mahali. Mwenye mahali humsindikiza mgeni mpaka langoni, akarudi ndani. Hilo nilikufundisha mwenyewe, ulikuwa hujang'oka meno ya mbele."

"Nilikosea. Nilikuwa nimechoka, maziwa yalikuwa yanafurika. Nilikuwa nakutaka wewe."

"Najua. Ungenitaja jina ningekuja kama mama yako, na leo ningeondoka na wewe. Lakini uliita wenye mahali, nami nikaitika. Maji yakimwagika hayazoleki, Waisiko. Pombe nayo ni hivyo hivyo."

Waisiko alilia. Alilia kwa sauti, katikati ya barabara, mwanamke mwenye wajukuu kumi na mmoja na saa ya ukutani kwapani. Mwenye pikipiki alizima injini kwa heshima. Nashoni alitazama viatu vyake, na alipoona kilio hakiishi mapema akashusha kizuizi taratibu, maana mkono ulikuwa umeanza kumuuma.

"Wasalimie watoto," alisema mama. "Fika salama. Na umwambie yule binti mpya apunguze sukari."

"Sasa nijaze nini hapa?" Nashoni aliuliza, daftari mkononi. "Ametoka, hajatoka?"

"Andika mgeni mmoja ametoka," alisema mama.

Nashoni akaandika, na kwenye nafasi ya jina akaweka la Waisiko.

Shimo la karibu na zizi lilikaa wazi siku nne. Siku ya nne busaa aliyoipika Waisiko iliiva, akamwaga mlangoni polepole, akataja jina la mama yake, la kuzaliwa na la ubatizo, na la baba yake, na la ukoo. Safari hii hakukosea hata neno. Walikuja kuku. Alingoja mpaka giza lilipoingia, kisha akamwambia mwanawe mkubwa, Kornelio, alifukie shimo kabla ndama hajatumbukia.

Jumamosi Esta alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Shikamoo mama. Biskuti zangu zinakuwa uji."

"Marahaba. Unahesabu mpaka ngapi?"

"Tatu."

"Hesabu mbili. Wanakuja?"

"Wanakuja kila siku. Juzi walitaka kupita mbele, ukumbini, mama yako ametangulia. Anasema pale ni kwake. Wageni walikuwa wanakula, udongo ukadondoka kwenye zulia. Dada Lilian amebandika tangazo jipya."

"Linasemaje?"

Waisiko alimsikia akisogea kulisoma. "Wenye mahali watumie mlango wa nyuma."

"Wao wamesemaje?"

"Wamekaa kwenye kreti, wanakula."

Waisiko alibadilisha simu, akaiweka sikio la pili. Nje ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, wakikanyaga pale palipokuwa na shimo. Akauliza kama sukari wamepunguza. Esta akasema bado.