Sindano Nyembamba ya Farofa

Wanderlei, daktari wetu wa mifugo, ana mwili kama kabati la nguo, lakini hana uwezo wa kumnyima kitu mtu aliyemlisha. Huku kwetu Minas ndivyo tulivyo: ukishaletewa mikate ya jibini ya moto na kahawa, umekwisha. Dona Zulmira, mjane mwenye mbwa aliyekuwa mgonjwa wetu, alilijua hilo. Mkono mtupu haulambwi, naye hakuwahi kuja kliniki mkono mtupu.

Mbwa wake anaitwa Farofa. Alikuwa na saratani ya kinywa, uvimbe mweusi uliokatwa ukaota tena, hata kula kukawa kazi. Dona Zulmira alikuwa ameshaamua. Kama dawa yetu haifai, Ijumaa Wanderlei amchome Farofa sindano ya mwisho, apumzike.

Dawa yenyewe ilitoka maabara yetu, ng'ambo ya ua wa kliniki. Mwili wa kiumbe, awe mtu au chura, hutengeneza vipande vidogo vya protini vinavyotoboa ngozi ya vijidudu. Sisi tuliunda mfano wa vile vya chura, tukaupakia ndani ya chembe ndogo kuliko vumbi, maana seli ya saratani nayo ina ngozi inayotoboka kwa namna hiyohiyo. Kwa panya ilifanya kazi. Kwa mbwa hatukuwa tumejaribu, na kamati inayosimamia majaribio ilitaka kwanza tuhakikishe haitapasua seli za damu ya Farofa. Unachanganya damu na dawa, unaweka kwenye mashine ya kuzungusha, kisha unatazama maji yanayobaki juu. Yakiwa maangavu, damu ni nzima. Yakiwa mekundu imepasuka, na hiyo si dawa tena, ni sumu.

Alhamisi asubuhi nilifungua mashine. Mekundu.

Nilitukana peke yangu, kisha nikampigia Wanderlei.

"Imekataa."

"Jacira, usinitanie bwana."

"Nina sauti ya utani mimi? Mekundu kama juisi ya tikiti!"

"Na Dona Zulmira yuko hapa nje. Nani atamwambia?"

"Wewe. Si wewe unayekula mikate yake?"

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na chura, na kamati, na mimi mwenyewe. Nikachukua mirija ya damu niimwage, na hapo ndipo jicho langu likaangukia ule wa pembeni, ambao hatukutia dawa hata tone, ila maji ya chumvi tu. Nao ulikuwa mwekundu. Maji yale ya chumvi hayapasui damu ya mtu wala mbwa. Damu ilikuwa imeharibika kabla haijaonja dawa yangu.

Nilivuka ua mbio na koti la maabara likipepea. Dona Zulmira alikuwa kwenye benchi, kichwa cha Farofa mapajani, na Wanderlei amesimama mbele yake, mdomo wazi, bado hajatoa neno.

"Funga mdomo!" nikamwambia. "Jana ulitoa damu kwa sindano gani?"

"Ile... nyembamba."

"Nyembamba ipi?"

"Ya watoto wa paka."

"We mwanamume! Mbwa mzima huyu, unamtoa damu kwa sindano ya paka? Na ukavuta kwa nguvu, sivyo?"

"Nilitaka iishe upesi."

"Usimgombeze, binti yangu," akasema Dona Zulmira. "Ni mimi niliyemwomba. Nimechoka kuona mwanangu anachomwa misumari."

Nikamweleza: damu ikivutwa kwa nguvu kwenye tundu jembamba huchubuka, na ikichubuka hupasuka hata bila dawa. Alinisikiliza, macho yakajaa machozi. "Kwa hiyo nilitaka kumuua kwa huruma yangu?"

Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Nikayameza. "Bado, mama. Mshike kichwa."

Safari hii Wanderlei alitumia sindano nene, shingoni, akavuta taratibu. Farofa alinguruma kidogo tu. Mchana nikafungua mashine tena, na maji ya juu yalikuwa maangavu, katika mirija yote, yenye dawa na isiyo na dawa. Mimi si mtu wa kulia. Siku ile nililia.

Ijumaa tukaidunga dawa ndani ya uvimbe. Lakini mirija ni mirija na mwili ni mwili. Kama damu ingepasuka humo ndani, mkojo ungetoka mwekundu, na basi. Kwa hiyo tukawa tunamfuata mbwa uani, watu wazima watatu, tunasubiri akojoe. Farofa alinusa kila jiwe, akaketi, akapiga miayo.

"Kojoa, mwanangu," Dona Zulmira akambembeleza. "Usinitie aibu mbele ya madaktari."

Wanderlei akapiga mluzi. Farofa akamtazama, akamwendea, akainua mguu, akamkojolea kiatu. Kiatu chenyewe cheupe, cha kazi. Tukainama sote kutazama.

"Njano!" Wanderlei akapiga kelele kama mtu aliyefunga bao. "Njano, jamani!"

Roho yangu ikatua. Uvimbe ulikuwa bado upo, na kama utapungua hakuna aliyejua. Hilo lilikuwa la wiki zijazo. Dona Zulmira alijifuta uso kwa kiganja, akamvisha Farofa mkanda wake.

"Haya, baba," akamwambia, "twende nyumbani tukale."