Mstari wa Mgongoni

Nguruwe pori walipomaliza mihogo ya Tabitha kwa msimu wa pili mfululizo, aliapa kwamba hatalima tena Kilimarondo bila mbwa. Wala si mbwa yeyote tu. Alitaka mbwa wa mstari.

Mbwa hao walijulikana. Wekundu kama udongo wa kichuguu, vifua vipana, na katikati ya mgongo manyoya yameota kinyume, yanaelekea kichwani. Watu walisema mbegu yao iliachwa na wazungu wa mashamba ya karanga walipofungasha na kuondoka Nachingwea. Mwenye mstari hamkimbii nguruwe. Husimama naye uso kwa uso mpaka mwenye mkuki afike. Asiye na mstari, hata kama wamezaliwa tumbo moja, kazi yake kubwekea kuku.

Kijijini jike la mstari lilikuwa moja tu, la Scholastika, shoga yake tangu walipovuka Ruvuma wakiwa wasichana, mmoja amebeba chungu, mwingine amembeba mgongoni mdogo wa mwenzake. Jike lile lilipochanwa ubavu na nguruwe, ni Tabitha aliyelishona kwa sindano ya magunia na kulilisha uji kwa kiganja mpaka likasimama.

“Likizaa, dada, wewe ndiye wa kwanza kuchagua,” Scholastika alimwambia siku ile. “Kabla yangu mimi.”

Likazaa. Tabitha akaenda kuchagua. Hakuwa na haraka. Aliwageuza watoto chali mmoja mmoja, akawatazama meno, kisha akagonga sufuria ghafla. Wote wakatawanyika, isipokuwa kijike kimoja kilichokuja mbele kunusa ile sufuria. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula.

“Huyu.”

Scholastika akacheka. “Jicho lako hilo! Basi mwache anyonye, akikomaa uje umchukue.”

Siku ya kumchukua, Scholastika alimtoa ndani akiwa amemviringisha kwenye kipande cha kanga. “Usimwogeshe, Mama Eustace. Atashikwa na homa.”

Tabitha alimpapasa mgongo. Manyoya yalikuwa makavu kidogo. Na mtoto alikuwa mpole mno.

“Wakiachishwa ziwa hubadilika,” Scholastika akasema.

Nyumbani, mumewe Dastani alimtupia jicho yule mbwa mara moja, akachukua jembe lake akaenda nyuma ya nyumba kulinoa.

Ulikuwa mwaka wa Elninyo. Mvua ilipoanza haikujua kukatika. Asubuhi moja mtoto wa mbwa alitoka nje akarudi amelowa chepechepe, na Tabitha akamfuta kwa gunia. Viganja vikanata. Akavinusa: utomvu wa mkorosho. Alipotazama tena, mstari haukuwepo. Manyoya yalikuwa yamelala kuelekea mkiani, kama ya mbwa yeyote wa barabarani.

“Baba Eustace, njoo uone.”

Dastani alikuja mpaka mlangoni. Hakuinama kutazama. Hapo ndipo mkewe alipoelewa.

“Ulijua.”

“Nilipita pale kwa shoga yako,” Dastani akasema polepole. “Yule wako alikuwa ameshachukuliwa na tajiri mmoja wa Ruangwa, mwenye duka. Akaahidi kumchukua na binti yao Marietha akauze dukani kwake. Mama Marietha alikuwa anampaka huyu utomvu. Nikasema ninyamaze, nisije nikawagombanisha.”

“Ukanyamaza tu?”

Dastani akajikuna shingo. “Mtoto wa mbwa alikuwa anarusha miguu. Mama Marietha akaniomba nimshikie.”

Tabitha alimkwapua mbwa, akatoka na mvua yake.

Scholastika alikuwa barazani anapepeta mtama. Alipoona ule mgongo uliolowa, ungo ulitulia mikononi mwake.

“Mbwa ni mbwa, dada,” akasema. “Mwanangu amepata kazi.”

“Ungeniambia hivyo hivyo. ‘Mwanangu amepata kazi, niachie yule mbwa.’ Ningekunyima?”

“Usingeninyima.”

“Sasa?”

“Niliona aibu kukuomba. Nilikuahidi.”

“Ya kuniomba uliiona, ya kunidanganya hukuiona?” Sauti ya Tabitha haikupanda. “Uliketi chini, Scholastika. Ukalaza unywele mmoja mmoja kwa vidole vyako. Muda wote huo ulikuwa unaniwaza mimi. Na mume wangu ameshika miguu.”

Scholastika alianza kulia. Akasema amrudishe huyo, jike likizaa tena atachagua yeye, hata wote akitaka. Tabitha akasema hatachagua tena kitu katika nyumba ile. Mbwa alirudi naye, maana yeye hakumkosea mtu.

Dastani alitaka waongee yaishe. Tabitha alimpikia, akamfulia, akalima naye ubavu kwa ubavu, lakini habari za moyoni alimaliza kumpa. Walipokwenda kulinda shamba usiku, alijijengea dungu lake upande wa pili.

Mahindi ya kwanza yalipokomaa, Scholastika alituma sahani iliyojaa, imefunikwa kitambaa safi. Tabitha aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Watoto wakala. Kisha akaiosha, akaikausha vizuri, akairudisha mwenyewe mpaka mlangoni kwa Scholastika, tupu.